Mshale Unaotoka kwa Binadamu

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, Lodwar, mwalimu mkuu alinikabidhi boksi la chaki na kitabu cha sayansi, akaniambia nianze na viumbe vya baharini. Nikamwambia bahari sijawahi kuiona.

"Hata mwezini hujafika," akasema, "na mwezi utaufundisha."

Basi nikafundisha. Niliwaeleza watoto wa wafugaji kuhusu planktoni, yaani vijimea na vijidudu vinavyoelea majini, vingi havionekani kwa macho. Vijimea huitwa wazalishaji, maana hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na jodari, jodari naye huliwa na papa. Huo ndio mnyororo wa chakula. Mshale huchorwa kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, lakini wanafunzi wangu waliugeuza kila mara, kwa sababu mfugaji humwona fisi akimwendea mbuzi, si mbuzi akimwendea fisi. Juu kabisa tulimweka binadamu. Vitabu vyetu vyote vilimweka hapo.

Katikati ya miaka ya tisini nilihamishiwa Kakuma, shule ya kambi ya wakimbizi, ambako watu wazima walisoma pamoja na watoto. Nyandeng, mama wa mtoto mmoja, aliyekuwa amekimbia vita kusini mwa Sudan, alikaa mbele kabisa. Alitaka kufanya mtihani wa darasa la nane ili siku moja awe muuguzi, na kwa hilo hakuwa na mchezo.

Siku ya somo langu la bahari, nikachora na mto kando yake ili wasione mambo yako mbali: samaki, mamba, na juu yao binadamu. Nyandeng akafunga daftari, akatoka. Hakurudi wiki nzima.

"Asipokuja Jumatatu namfuta kwenye mtihani," mwalimu mkuu wa pale akaniambia. "Wanaongoja hiyo nafasi ni wengi."

Nikamfuata nyumbani kwake.

"Mwalimu, mimi nataka kusoma," akasema. "Lakini wewe unasema mtu iko juu. Sisi tulivuka mto, vita iko nyuma. Mamba ilichukua mama yangu. Mimi nilikuwa nashika mkono yake."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

Jumatatu alikuja, akaomba chaki. Akachora mshale kutoka kwa binadamu kwenda kwa mamba, polepole, bila kuugeuza. Wengi darasani walikuwa wamevuka mto kama yeye. Akarudi kukaa.

"Sasa endelea, mwalimu. Papa inakula nini?"

Alifaulu mtihani, kisha akahamishwa kutoka kambini, na habari zake sikuzipata tena. Hilo huniuma hadi leo.

Nimestaafu sasa, nimerudi kuwa mtu wa Lodwar. Ninyi walimu vijana mna vitabu vya picha za rangi, na mnyororo ni ule ule, ufundisheni. Mimi tangu siku ile binadamu nilimchorea mishale miwili, mmoja wa kumfikia na mwingine wa kutoka kwake. Niliuchora huo wa pili kila mwaka hadi nikastaafu, na mkono haukuuzoea.