Waliokula Bata wa Bi Adeline

Kwa miaka arobaini na moja Bi Lorene Vrbka aliandika nani kamtembelea nani, na hakuna aliyewahi kumgombeza. Kila Jumatatu asubuhi nilipita kwake, kusini mwa mji wetu wa Pell Creek, kuchukua karatasi zake mbili zilizoandikwa kwa mkono, maana kompyuta aliikataa katakata. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanga kurasa za Sentinel, gazeti letu la kila Alhamisi, kwa hiyo mwandiko wake naujua kuliko wangu. Fulani na mkewe walikula chakula cha Jumapili kwa fulani. Mjukuu wa fulani amekuja kutoka Omaha. Ng'ombe wa fulani amezaa pacha. Mhariri alijichosha na habari za mahakama na bei ya mahindi, na watu waliziruka wakaenda moja kwa moja ukurasa wa tano kutafuta majina yao.

Oktoba ile rafiki yake tangu shule ya msingi, mjane Adeline Kucera, alitimiza miaka themanini. Akaoka bata watatu, akapika madonge ya unga na kabichi chachu, akaandaa sinia la kolache, ile mikate yetu midogo yenye plamu katikati. Aliwaalika watu kumi na wawili, na kati yao walikuwamo madiwani wote watatu wa kaunti. Milo ni mpwa wake, Gaylen ni jirani yake, na Roger ndiye humwondolea theluji mlangoni. Kaunti yenyewe ina watu elfu mbili. Ukirusha jiwe utampiga diwani au shemeji yake.

Bi Lorene aliandika majina yote kumi na mawili, halafu akamalizia: "Bata alikuwa mtamu, na kabla kahawa haijaisha matatizo yote ya kaunti yalikuwa yametatuliwa." Utani huo kwetu kila mtu anaujua. Wanaume huusema wakimaliza kucheza karata, wanawake wakimaliza kushona. Yeye mwenyewe alikuwa ameshauandika labda mara mia mbili. Niliupanga ukurasa kwa mikono yangu na wala sikupepesa jicho.

Tulichosahau ni kwamba mwezi ule madiwani walikuwa wapige kura juu ya mitambo ya umeme wa upepo, jambo lililokwisha kugombanisha ndugu kwa ndugu. Na sheria yetu inasema madiwani wakijadili kazi ya kaunti pamoja, hicho ni kikao, na kikao lazima kitangazwe ili wananchi waje wasikilize.

Mtu mmoja, anaishi wapi sijui mpaka leo, ana ukurasa wake mtandaoni. Akakata kile kipande akakirusha. Alhamisi iliyofuata nilikuwa jikoni kwa Bi Lorene nakunywa supu, televisheni imewashwa kwenye ile stesheni ya taifa ambayo kwetu haizimwi, iwe mgahawani, kwa kinyozi au kwenye nyumba ya wazee. Ghafla, ukurasa wetu wa tano ukajaa kioo kizima! Sentensi ya bata ilikuwa imezungushiwa duara jekundu.

"Walikula, wakagawana kaunti, kisha wakajisifu gazetini," alisema mtangazaji, mtanashati, tai imekaa vizuri.

"Marlys," Bi Lorene aliniambia polepole, "hiyo ni yangu. Mungu wangu, hiyo ni yangu."

Halafu wakaonyesha nyumba ya Bi Adeline, picha imepigwa kutoka juu, mpaka kamba ya nguo inaonekana. Hawakupiga simu, hawakumuuliza mtu yeyote. Namba ya Sentinel iko ukurasa wa mbele tangu enzi za babu yangu!

Kufikia Jumamosi Bi Adeline alikuwa amepigiwa simu zaidi ya mia na watu asiowajua. Mmoja alimwambia anajua chumba anacholala. Hayo ya wageni ningeyameza. Jumapili, baada ya misa, alileta sinia la kolache kama kawaida yake, na likarudi limejaa. Niliwaona kwa macho yangu wanawake waliofundishwa kuoka na mikono yake wakilipita kama limetiwa sumu. Yeye amesimama pale, kitambaa mkononi, anatabasamu kwa watu wasiomtazama. Nilikula matatu kwa hasira.

Kesho yake nilimkuta LaVern Sousek mgahawani, fundi wa matrekta, mtu mwenye akili zake timamu.

"Lisemwalo lipo, Marlys," akaniambia.

"Kilichokuwepo ni bata, LaVern!"

"Kama halipo laja."

"Wewe unamjua Adeline au humjui?"

"Nimjue vipi tena? Tangu nazaliwa. Ndiyo maana nimeshangaa, mama wa watu, kumbe!"

Miaka sitini anamjua Adeline, na yule wa tai anamjua kwa dakika kumi.

Jioni hiyo Bi Adeline alimpigia mwenzake. Bi Lorene aliweka simu wazi nami nikasikia. "Lorene, wewe ndiye uliyeandika. Nina miaka themanini, nitahamia wapi? Niokoe, mwenzangu."

Bi Lorene hakungoja kuche. Aliandika barua fupi: sisi tuliokaa meza ile tunashuhudia kwamba hakuna kazi ya kaunti iliyojadiliwa. Madiwani na wake zao nani angewaamini? Wakaondolewa, tukabaki na sita. Yeye na mumewe Duane, mwalimu mstaafu Bernadine, Padre, na Bwana na Bi Stara wa upande wa mtoni. Sahihi sita za watu wazima. Nikatoa gari, tukazunguka.

Bernadine alitia sahihi akiwa bado amesimama mlangoni, akawatukana wa televisheni kwa Kicheki, lugha ya mababu zetu. Padre alisema atatuombea.

"Sikuja kuombewa, Padre," Bi Lorene alimjibu, "nimekuja na kalamu."

Padre hakuichukua. Bwana Stara alifungua mlango kiasi cha kiganja. "Lorene, tunakupenda, unajua. Lakini sisi hatukusikia kila neno. Mke wangu sikio lake moja halifanyi kazi."

"Na lako?"

Mlango ukafungwa. Garini Bi Lorene alihesabu kwa vidole mpaka tulipofika darajani. "Si neno," akasema. "Tuko watatu na Duane. Duane alikaa kushoto kwangu, alinipitishia chumvi."

Tulimkuta Mzee Duane kwenye kiti chake, televisheni inasema. Bi Lorene alimwekea barua mapajani.

"Tia sahihi hapa, baba."

Alivaa miwani, akasoma. Akasoma tena.

"Mbona hutii sahihi?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini? Walizungumza nini mezani pale?"

"Goti la Roger."

"Na nini tena?"

"Goti la Milo."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Basi saini, Duane."

"Lakini baada ya kahawa walitoka nje, wote watatu."

"Walitoka kukwamua gari la Padre kwenye matope! Na wewe ulikwenda nao, umerudi mchafu kama nguruwe, suruali nimeifua mimi!"

"Nilikwenda, ndiyo." Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kioo. "Lakini hawa watu hawawezi kusema vile bila kitu, mke wangu. Wana wanasheria. Labda walizungumza nilipokuwa nyuma ya gari."

"Na wao walikuwa wapi?"

"Nyuma ya gari."

"Walikuwa wanasema nini?"

"Moja, mbili, tatu, sukuma."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakuwahi kukaa na Mzee Duane. Nilimtazama yule mzee, mtu wa kweli maisha yake yote, asiyewahi kuongeza hata kilo moja kwenye mzani wa mahindi. Hakuwa anadanganya. Hakuwa anaogopa pia, kama Bwana Stara. Alikuwa anajikagua kichwani, anatafuta kile alichoambiwa kilikuwepo, na ameanza kukiona.

"Siwezi kuapia jambo nisilo na hakika nalo, Lorene," alisema kwa upole, akamrudishia kalamu.

Nilitamani Bi Lorene apige kelele. Hakupiga. Alimtazama mumewe wa ndoa ya miaka hamsini na tatu, akakunja barua, akanikabidhi.

Barua ilitoka gazetini Alhamisi ikiwa na sahihi mbili. Saa tatu asubuhi Bi Adeline alinipigia simu kazini. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alitaka kujua kama jina la Duane lilidondoka wakati nikipanga ukurasa.

Nikamwambia ndiyo, lilidondoka, kosa ni langu.