Blanketi Ambalo Bibi Hakulifungua

Bibi yangu alilala na baridi msimu mzima, huku blanketi zito, jipya kabisa, likiwa pembeni ya mto wake.

Hakulifungua hata siku moja.

Majirani walisema uzee umeanza kumchezea akili. Shangazi alisema ni ubahili tu, wazee wakipewa kitu kizuri wanakitunza mpaka panya wakifaidi. Mimi ndiye niliyekuja kuujua ukweli, na sijui kama nimewahi kupona.

Mimi ni Mpaiwan, kabila la wenyeji wa milimani, kusini mwa Taiwan. Nililelewa na Vuvu. Kwetu ndivyo tunavyomwita bibi, naye humwita mjukuu hivyo hivyo. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa Vuvu wawili, mkubwa na mdogo, na sufuria moja ya majimbi.

Nikachukuliwa shule ya jeshi, ya bweni. Ada hakuna, chakula bure, na posho kidogo juu. Kwa watu wa kwetu, hiyo ni neema.

Neema yenye filimbi lakini! Filimbi ya kuamka, filimbi ya kula, filimbi ya kuacha kula hata kama tonge bado liko mdomoni.

Ila balaa lenyewe lilikuwa blanketi.

Kila asubuhi lazima ulikunje liwe kama kipande cha tofu, ile jibini ya soya inayokatwa kama tofali. Pande zimenyooka, kona kali, mkunjo usionekane hata mmoja. Jumamosi afande anapita kukagua. Tofu yako ikiwa mbovu, huendi nyumbani. Wenzako wanapanda basi, wewe unafagia uwanja.

Kiongozi wa chumba chetu, Kao, alikuwa wa mwaka wa mwisho, na alinishikia bango kwelikweli.

"We wa mlimani! Hii ni tofu au uji?"

"Tofu, afande."

"Ingekuwa tofu ningeila. Fumua, anza upya!"

Chumba kizima kicheko. Nami nafumua, machozi yananilengalenga.

Baadaye nikafundishwa ujanja wa pale. Tofu ikishakaa sawa, huigusi tena. Unalala juu ya ubao na koti lako, unatetemeka, na blanketi limekaa upande wa kichwani pa kitanda kama mgeni wa heshima. Tulikuwa vichaa? Labda. Lakini Jumamosi tulikuwa tunatoka.

Likizo ya mwaka mpya nilimnunulia Vuvu blanketi kwa posho yangu. Jekundu, zito. Akalinusa, akalia kidogo, kisha akanisema kwa kuchezea hela.

Asubuhi ya kuondoka, mikono ikafanya mazoea yake. Nikalikunja tofu safi, nikaliweka kitandani kwake. Vuvu alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia.

"Ndivyo wanavyowafundisha huko?"

"Ndiyo, Vuvu. Likiharibika kidogo tu, siruhusiwi kuja nyumbani."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi likapiga honi, nikakimbia.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Kila nilipopewa zamu ya simu nilimsikia akikohoa.

"Unajifunika, Vuvu?"

"Najifunika. We soma, Vuvu mdogo."

Siku moja shangazi akamnyang'anya simu. "Kifua kimembana. Hospitali hataki, anasema ukija usimkute itakuwaje. Njoo Jumamosi hii. Usikose, umenisikia?"

Nilisikia. Wiki nzima sikuligusa blanketi langu, nilipita mbali nalo kama lina umeme.

Jumamosi, kabla ya ukaguzi, Kao akaja kitandani kwangu. Nikajua nimekwisha. Akapiga magoti, akavuta kona moja, akapapasa nyingine, akainuka.

"Bibi yako anaumwa, nimesikia," akasema bila kunitazama. "Simama wima."

Afande akapita. Tofu yangu ikakubaliwa. Nikatoka mbio mpaka kituo cha basi, kofia mkononi.

Nilimkuta Vuvu amejikunyata chini ya shali kuukuu, midomo imekauka. Na pembeni ya mto wake lilikuwepo lile blanketi jekundu. Tofu yangu! Kona zote kama nilivyoziacha.

Nikawaka. "Shangazi, mnamwacha hivi na blanketi liko hapa?"

"Usinipandishie sauti!" Alikuwa analia. "Tumembembeleza mpaka tumechoka. Ukiligusa tu anapiga kelele. Hata nesi wa zahanati kachapwa mkono."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Vuvu akafumbua macho, akaigusa kofia yangu.

"Umekonda."

"Vuvu, kwa nini hukujifunika?"

"Sijui kulikunja," akasema polepole. "Nilijaribu kwa shuka, haikukaa. Ningelifungua hili, wale maafande wako wangekuzuia kuja."

Ndipo nikakumbuka alichowahi kunisimulia.

Alipokuwa msichana, polisi walikuwa wanapanda mlimani kukagua nyumba za watu, mpaka vyungu na matandiko. Kwake yeye, kukaguliwa nyumbani hakukuwa utani. Na mimi nilimwambia likiharibika siji.

"Vuvu, la hapa nyumbani hakuna anayelikagua."

Akatabasamu, kana kwamba mtoto asiyeelewa mambo ni mimi.

"Sasa si umekuja?"

Nililifungua. Nikamfunika mpaka kidevuni, nikajilaza pembeni yake na viatu vyangu vya jeshi. Akashika ukingo wa blanketi kwa vidole.

"Ulikunje kabla hujaondoka," akanong'ona.

"Sawa, Vuvu."

Jumapili, kabla kengele ya kanisa haijalia, alikuwa ameshaenda. Lakini mwili wake ulikuwa na joto. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa bado namuuliza maswali.

Tulimzika nalo. Shangazi alitaka nilikunje vizuri, kama nilivyomwahidi Vuvu. Nilikataa. Nilimfunika nalo likiwa wazi, limejikunja ovyo, kama blanketi la mtu aliyelala vizuri.

Wewe unayesoma hapa, kama umemnunulia mzazi wako kitu cha kumpa joto, usimwachie kikiwa kimekunjwa. Kifungue mwenyewe, mfunike, kaa naye mpaka usingizi umchukue. Na mwambie wazi, asibaki na shaka: mama, bibi, hata ukikiharibu, mimi nitakuja tu.