Mama Pini na Upande wa Tano

Aliyewahi kukalia kochi lililoshonwa na Mama Pini anajua kwamba mwanamke yule hakubali mkunjo. Jina hilo alipewa na wateja wake, maana akiwa kazini hubana pini midomoni na kuongea nazo humo humo, na bado unamwelewa vizuri, hasa akikasirika. Na katika habari hii amekasirika. Hata mimi ninayesimulia nimekasirika pamoja naye, kwa hiyo mtu asije hapa kutafuta msimuliaji asiyeegemea upande.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa karata. Kila Jumapili mchana yeye, mdogo wake, mfamasia, dereva wa lori na kinyozi wa mtaani waliizunguka meza ya kulia chakula wakacheza poka, wakiwekeana dau la vifungo vya makochi kutoka kopo la Mama Pini. Marehemu alikuwa hashikiki. Mtaa mzima ulimwita Bingwa.

Sasa sikia. Bingwa alikuwa hajui poka. Aliyeijua ni mkewe, aliyefundishwa na mjomba wake tangu akiwa msichana, katika karakana ya makochi, saa ya chakula. Karata zikimchanganya, Bingwa alikuwa anasimama, anasema ana kiu, anaingia jikoni na kumnong'oneza mkewe alichoshika. Mkewe, kisu kikiwa bado kwenye kitunguu, anamjibu neno moja: acha, au pandisha. Bingwa anakunywa maji yake, anarudi mezani, anazoa vifungo. Yule mama alikuwa anaisikia shangwe kutoka jikoni, na roho ilikuwa inamuuma kidogo, kwa sababu alichotaka ni kukaa pale mezani naye agawiwe. Mumewe alikuwa akimwahidi kwamba siku moja atamkaribisha. Kifo kikamwahi.

Msiba ulipopoa, shemeji mtu akaja na maneno matamu. Akasema nyumba isipooze, vijana wanataka kuirudisha Jumapili yao, ila ile meza inateleza, karata zinaruka hadi sakafuni, na shemeji yake ni fundi asiye na mfano. Je, hawezi kuwatengenezea kifuniko cha kuweka juu ya meza, kama wanavyotumia wacheza karata wa kweli? Kilemba cha ukoka hicho, na Mama Pini alikijua, lakini alikivaa. Moyoni alishaamua: hiki nikikitengeneza, nami nakaa.

Aliwapanga wale wanaume kwa zamu, akawapima kwa futi ya kushonea kutoka kiwiko hadi kiwiko, kila mtu amekaa kama anavyokaa akishika karata. Wakacheka, wakamuuliza kama anawashonea makoti. Mwishowe akakaa yeye, akampa shemeji yake ile futi, akapimwa mbele ya macho yao wote. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hapo ndipo alipokosea, maana alidhani wameelewa.

Plaiwudi aliikata pande tano, na hakuna upande uliolingana na mwenzake. Wa dereva ulikuwa mpana, wa kinyozi mfinyu. Juu yake alibandika sponji nyembamba, unene wa kidole, ili ukibonyeza ubavu wa karata ukingo wa pili uinuke wenyewe, usihangaike kuikwangua kwa kucha. Vitambaa alivijaribu kwa kuvirushia karata, vingi akavikataa. Alichagua cha sufu, kijani, kinachoiacha karata iteleze kisha kinaikamata. Alikivuta akianzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, akipigilia pini kwa chini, kisha akazungushia ukingo wa ngozi ya bandia iliyojazwa pamba, wa kuegemeza mikono. Wateja wa makochi walisubiri. Aliyenung'unika alijibiwa na pini zikiwa midomoni.

Jumapili ikafika. Wanaume wakakipapasa kifuniko, wakakisifu, kila mmoja akapata upande wake na viwiko vikaingia sawasawa. Mama Pini akaenda jikoni kuzima jiko na kuvua aproni. Aliporudi akakuta kofia ya marehemu imewekwa kwenye upande wa tano, na kikombe chake kimejazwa maji. Shemeji yake akamweleza kwa sauti ya msibani kwamba wameafikiana nafasi ya kaka ibaki wazi, kwa heshima yake. Mfamasia akaongeza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokera, kwamba poka si kama kushona, inataka akili iliyotulia. Kisha wakauliza kama kuna chai.

Asante ya punda ni mateke, lakini punda hapigi teke huku anaagiza chai. Waliona bora kiti apewe maiti kuliko yeye aliye hai, aliyeivunjia mgongo ile kazi, tena nyumbani kwake, juu ya meza yake.

"Shemeji," akasema, "kaka yako alikuwa na mwili. Mkalishe hapo, mkono mmoja utaning'inia nje. Huo upana ni wa viwiko vyangu. Umenipima mwenyewe."

Shemeji akaitazama nafasi ile. Mama Pini akaiondoa kofia, akaiweka juu ya kabati taratibu, maana kofia haikuwa na kosa. Akakisogeza kikombe, akakaa, akachota vifungo vyake kutoka kopo.

"Gawa," akamwambia kinyozi.

Kinyozi aliwatazama wenzake, kisha akamtazama mama mwenye nyumba, akaona ni salama zaidi kugawa. Karata zikateleza na kutulia. Mama Pini akabonyeza, akachungulia, akazilaza. Mfamasia akatupa zake mapema, dereva na kinyozi wakafuata. Akabaki shemeji mtu, ambaye alipandisha dau mara ya kwanza, akapandisha ya pili, huku akitabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto. Mama Pini akavisukuma vifungo vyake vyote katikati.

Tabasamu likapungua. Shemeji akazitazama karata zake kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ona sasa, shemeji," akasema. "Kaka angekuwa hapo angeacha."

"Angeacha," akajibu Mama Pini, "kama ningemwambia aache."

Shemeji mtu akageuza shingo, akautazama mlango wa jikoni, kisha kikombe cha maji kilichojaa hadi ukingoni. Akaziweka karata zake chini, akazisukuma mbali naye.