Shikamoo Niliyoipeleka Buswelu

Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa nimemzidi umri mhadhiri wangu mmoja, na suruali yangu ilikuwa imetuzidi sote wawili. Sekondari nilikuwa nimeisoma jioni, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakinigusa masikio. Nikitembea mjini Mwanza naweza hadi leo kuwatambua watu wa shule ya jioni kwa namna wanavyokaa. Chuo chenyewe kilikuwa kipya, kando ya ziwa, na rangi ya kuta ilinuka hata kwenye chai.

Alasiri za Jumanne, Alhamisi na Ijumaa hatukuwa na vipindi. Wenzangu walizitumia kulala. Mimi nilikuwa na tumbo la kulisha na wadogo zangu nyumbani, kwa hiyo nikatafuta kibarua, na kwa bahati ambayo sijawahi kuipata tena nikapata viwili kwa wiki moja.

Cha kwanza kilikuwa kwa tajiri mmoja wa Kirumba aliyeuza magodoro na sabuni. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, sabuni zimekuwa nyingi kuliko uchafu. Sisi tuliowahi kupanga foleni kwa ajili ya kipande kimoja tulikuwa bado tunaziangalia dukani kama watu wanaoota. Tajiri alikuwa na pikapu yenye spika mbili juu ya paa, na alihitaji mtu wa kusema. Nikasema. Nilisema sabuni yake inatoa doa la mafuta, la damu na la uvivu. Nilisema godoro lake ukililalia Jumatatu unaamka Jumatano, na mwajiri wako anakusamehe. Kuanzia Pasiansi hadi Mwaloni, palipokuwa na kina mama wa dagaa, watu waliacha kazi wakasikiliza. Dereva wa pikapu, mtu mzima aliyecheka mara mbili kwa mwaka, alicheka mara tatu siku ya kwanza.

Cha pili kilikuwa kwenye zahanati ya macho, Pasiansi. Daktari alizaliwa Kilimanjaro, na Kisukuma chake kilianza na kwisha kwenye salamu. Wazee waliokuja kutoka vijijini hawakuwa na Kiswahili cha kutosha kuelezea jicho. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati: mzee aseme, nimwambie daktari, daktari aseme, nimwambie mzee. Basi. Tajiri alilipa vizuri zaidi, tena zaidi sana, na sitalificha hilo kwa sababu ndilo lililofanya uamuzi uonekane rahisi.

Kwa wiki mbili za majaribio niligawanya: Jumanne zahanati, Alhamisi na Ijumaa kwenye gari. Baada ya hapo kila mmoja alizitaka alasiri zangu zote tatu, na wote wawili walitaka jibu Ijumaa ile ya mwisho. Mimi nilikwisha kuchagua gari. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma yangu wakirudia maneno yangu. Mtu aliyesoma jioni kwa miaka yote ile bila mtu kumwona, akipata kundi la kumkimbilia, kichwa kinavimba.

Jumanne ya wiki ya pili aliingia bibi mmoja, ameshika ukuta. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani, jeupe kama maziwa. La kulia lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Alisema alikuwa anapepeta mpunga, ganda likamrukia.

Nilimsalimia kwa Kisukuma, akanipapasa bega.

“Huyu nani mwenye sauti ya kiserikali?”

“Mjukuu wako, bibi.”

“Mjukuu ni mume. Mbona umeniacha nimekuja peke yangu?”

“Nilikuwa natafuta ng'ombe wa mahari.”

“Tangu nikiwa msichana unawatafuta. Wamekuwa twiga?”

Benchi zima likacheka. Kwetu ndivyo bibi na mjukuu walivyo, hata kama hamjawahi kuonana: yeye ni mke, wewe ni mume, na mnasemana mpaka mmoja achoke. Yeye hakuelekea kuchoka.

Daktari alimwangalia jicho kwa muda mrefu, akamuuliza kupitia kwangu kama ameweka chochote. Alikuwa ameweka maji ya majani, kama walivyofanya wengi. Daktari akavua miwani.

“Mwambie hivi. Asitie majani tena, hata tone moja. Atie dawa hii kila saa. Alhamisi arudi hapa. Asiporudi Alhamisi, jicho hili nalo linakwenda, atakuwa kipofu. Mwambie hivyo hivyo.”

Nilimgeukia bibi. Ya majani nikamwambia. Ya dawa ya kila saa nikamwambia, nikamwekea kichupa mkononi. Nikafika kwenye neno upofu, na ulimi ukakataa. Kwetu kijana hamtamkii mtu mzima balaa usoni. Ukimwambia mzee “utapofuka”, wapo watakaouliza siku ya pili nani aliyemwapiza. Na bibi alikuwa bado anatabasamu, ananingoja. Nikafanya nilichokijua.

“Mke wangu, daktari anasema Alhamisi lazima uje. Usipokuja, hili jicho litakutoroka lifuate mwanamume mwingine.”

Bibi akacheka mpaka akakohoa. “Mwambie daktari jicho langu halina tabia hiyo.”

Benchi likacheka naye. Daktari akatuangalia mmoja mmoja.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia, daktari.”

“Mbona wanacheka?”

“Ni utani wa bibi na mjukuu, daktari. Ndivyo tulivyo.”

Akaandika kitu, akaita mgonjwa mwingine.

Alhamisi nilikuwa kwenye gari karibu na uwanja wa mpira, nauza godoro. Sikumkumbuka bibi hata mara moja. Nalisema hili kwa sababu katika mambo yote ninayoyatia chumvi, hili sijawahi kulitia.

Ijumaa kabla ya saa sita nilikwenda zahanati kumpa daktari jibu langu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuaga, yenye shukrani mwanzoni na mwishoni. Nilimkuta anafuta kiti.

“Yule bibi wa Jumanne hakuja jana,” akasema. “Ulimwambia nini hasa?”

Nikamwambia nilichomwambia. Kwa Kiswahili, mchana, bila benchi la kucheka, maneno yale yalisikika kama ya mtu mlevi.

Hakunigombeza. Aliendelea kufuta kiti kilichokwisha kufutika.

“Ana hilo moja tu,” akasema.

Kwenye daftari la wagonjwa palikuwa na neno Buswelu tu. Buswelu ya wakati ule ilikuwa mashamba, mawe na nyumba zilizoachana kama watu waliogombana. Gari la kwenda huko ulilingoja mpaka ukasahau safari. Lakini pikapu ya tajiri ilikuwa iende huko siku hiyo hiyo jioni. Nilikimbia hadi Kirumba, nikamweleza dereva nikiwa bado nahema. Akaniangalia, akawasha gari bila kumuuliza tajiri.

Tulipofika senta ya Buswelu, tulikouza magodoro wiki iliyotangulia, nilishika kipaza sauti kama nilivyozoea. Nikasema kwa Kisukuma, kwa sauti yangu yote, kwamba natafuta bibi aliyekwenda zahanati ya macho Jumanne, mwenye jicho moja, kwamba jicho lake linaharibika na anatakiwa leo, sasa hivi.

Watu wakaja mbio, wanatabasamu tayari.

“Leo ameleta macho,” mmoja akasema.

“Bei gani? Mimi nataka mawili ya kumwonea mke wangu.”

“Usinunue, yatakuwa yanalala Jumatatu mpaka Jumatano.”

Nikarudia. Nilivyozidi kupaza ndivyo walivyozidi kucheka. Mama mmoja aliyekuwa na meza ya nyanya akaniita kutoka alipokaa.

“Wewe si ndiye uliyesema godoro linanyoosha mgongo? Mama mkwe wangu mpaka leo amejikunja kama jembe.”

Nilikishusha kile chombo kutoka mdomoni. Nilikuwa na sauti inayofika kila nyumba ya Buswelu, na hakuna nyumba hata moja ambayo ingeiamini. Dereva akanyoosha mkono, akazima spika.

“Shuka,” akasema. “Kaongee na watu.”

Nikashuka. Nikaenda kwa yule mama wa nyanya, nikachuchumaa mbele ya meza yake, nikamsalimia. Mwadila. Nikangoja aitikie. Nikaulizia nyumbani kwake, mvua, watoto, yule mama mkwe. Salamu zetu ni ndefu, na siku ile kila neno lilikuwa dakika inayolitafuna jicho la mtu, lakini nilijua nikiruka hata moja nitakuwa tena mtu wa gari. Alipomaliza kuitikia nikamwambia jambo lenyewe kwa sauti ya chini.

Akaniangalia usoni.

“Kumbe kuna mgonjwa kweli,” akasema. Akasimama, akanionyesha kwa kidevu njia inayopita kati ya majabali mawili. “Nyumba yenye kihenge kilichoinama. Nenda upesi.”

Bibi alikuwa amekaa kivulini mwa kihenge, ungo wa mpunga mapajani, anatafuta mawe kwa vidole. Jicho alikuwa amelifunga kitambaa. Pembeni palikuwa na kibakuli, ndani maji ya kijani.

Alisikia viatu vyangu, akainua kichwa.

“Nimesikia gari la mume wangu. Umeniletea ng'ombe au godoro?”

Nilikaa chini, vumbini, mbele yake.

“Shikamoo, bibi.”

Vidole vyake vikasimama kwenye mpunga. Mume hampi mke wake shikamoo. Hajibiwi mtu shikamoo halafu akaitwa mume.

“Marahaba,” akasema hatimaye. Halafu akauliza, “Nani amekufa?”

“Hajafa mtu. Jumanne nilikutania, lakini daktari hakutania. Alisema usiporudi Alhamisi jicho litakwenda. Alisema utakuwa kipofu. Mimi ndiye sikukwambia.”

“Kwa nini?”

“Niliogopa kukutamkia.”

Akaweka ungo chini polepole, punje isimwagike.

“Kile kichupa nilikitia siku moja,” akasema. “Kikaniwasha. Nikasema, kama lingekuwa jambo kubwa, mjukuu wangu asingecheka.”

Alimwita mkwewe amletee kitenge cha kutokea. Nilimshika mkono mpaka garini. Dereva alishuka akafungua mlango wa mbele, jambo ambalo hata tajiri hakuwahi kufanyiwa. Tulirudi Pasiansi spika zikiwa kimya. Pale senta watu walisimama kando ya barabara kumwangalia bibi aliyekaa mbele, na hakuna aliyeuliza bei.

Daktari alifanya kazi kwenye jicho lile mpaka jua likagusa ziwa. Alinitaka nitafsiri kila neno, na safari hii, kila nilipotafsiri, alisema, “Muulize amesikia nini.” Bibi alirudia yote, moja moja, kama mtoto anayesoma ubao.

Jicho halikufa. Wala halikupona. Kovu lilibaki katikati, na tangu hapo aliona mlango ulipo, moto ulipo, mtu anapita. Hakuona tena jiwe kwenye mpunga. Nilimuuliza daktari kama angekuja Alhamisi ingekuwaje. Ni mtu mkweli, akasema pengine ingekuwa tofauti, pengine isingekuwa. Lile “pengine” la kwanza ninalo mpaka leo.

Jumatatu nilikwenda Kirumba kwa tajiri. Alikwisha kusikia kuhusu gari lake na hakuwa na hasira niliyoitarajia.

“Kijana, una sauti ambayo watu wanasimama kuisikiliza,” akasema. “Unaipeleka chumbani kwa wagonjwa wanne?”

“Ndiyo, mzee.”

“Huko utakuwa unasema maneno ya wenzako tu.”

Nikamwambia hicho ndicho ninachokwenda kujifunza. Akatikisa kichwa, akanipa sabuni mbili za kuondokea. Zilitoa madoa ya kawaida tu.

Nilitafsiri pale mpaka nilipomaliza chuo. Utani sikuuacha, ningekufa. Lakini nilijifunza kuuweka mwanzoni, kwenye benchi, na jambo la daktari nikalisema lenyewe, uchi, halafu nikamwomba mzee anirudishie alichosikia. Wapo walionichukia kwa hilo. Mzee mmoja aliniambia nina mdomo wa fisi. Nikamtafsiria daktari hata hilo.

Bibi aliendelea kuja kila baada ya miezi kadhaa, ameshikwa mkono na mkwewe. Daktari akimaliza kumwangalia, alibaki kitini akangoja. Nilijua anangoja nini. Kama daktari alikuwa ameniambia hali si mbaya, nilimwita mke wangu, naye akaanza kunidai ng'ombe wake kabla hajainuka.

Na ikatokea siku, mwaka wangu wa mwisho pale, daktari amekwisha kuangalia, amekwisha kuweka taa yake mezani, ananingoja nianze. Bibi alikuwa ameuelekeza uso kwangu. Nikamwambia shikamoo.

Akakikaza kitenge begani.

“Marahaba,” akasema. “Haya, sema yote.”