Group nzima ilisifu picha yangu, mtu mmoja akauliza maksai yuko wapi

Wakuu, habari za leo. Wenzangu wa Turkana, ejok.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nakula stori za watu halafu naondoka bila hata kuosha sahani. Leo nalipa. Hii ni yangu mwenyewe, haina chumvi, na sehemu nyingi nimetoka vibaya. Ningekuwa natunga, ningejipendelea kidogo.

Mimi ni karani kwenye ofisi moja hapa Lodwar. Nimezaliwa mjini na kukulia mjini. Kiturkana naongea, lakini ni kile cha sokoni.

Picha ni hobby. Nina kamera ya mtumba niliyouziwa na jamaa aliyekuwa anahama, na lenzi moja tu ambayo nilikuwa naipenda kuliko chakula.

Kwa wasiojua, lenzi ya aina hiyo ukiifungua mpaka mwisho, kitu kimoja tu ndicho kinatoka wazi. Vingine vyote vya nyuma vinakuwa ukungu laini. Wapiga picha tunaita bokeh. Ukiigundua mara ya kwanza unachanganyikiwa kabisa. Mimi nilipiga mpaka sufuria ya ugali na bokeh.

Tuko na group yetu kwenye simu, wapiga picha wa kujifunza kama kumi na tano hivi. Wengine wako Lodwar, wengine Kakuma. Admin ni mwalimu wa shule ya msingi anaitwa Ekai, mtu mpole sana, ambaye hata ukiweka picha ya kidole chako mwenyewe kwa bahati mbaya anaandika "keep it up".

Kuna kitu nilikuwa najiuliza kuhusu hii group. Unaweka picha saa mbili kamili. Saa mbili na dakika moja ushapata emoji tano za moto na "noma sana kaka". Dakika moja! Mtu ameitazama saa ngapi?

Lakini sikuuliza kwa sauti, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Naangalia picha ya mtu nikiwa chooni, natupa moto, naendelea na shughuli.

Sasa tuingie kwenye stori.

Kuna baba mmoja mfugaji, anakaa njia ya kwenda Lorugum. Nilijuana naye kupitia binamu yangu. Watu wanamwita Apaloreng. Si jina la kuzaliwa. Alikuwa na maksai mwekundu anaitwa Loreng, na kwetu mwanamume akiwa na maksai wake wa moyo, anamwimbia, anacheza akimwiga, na watu wanaanza kumwita mwenyewe kwa jina la huyo maksai.

Hili nilikuwa nalijua tangu utoto. Nataka mjue kwamba nilikuwa nalijua.

Siku moja akaniona na kamera shingoni. Akasema, "Wewe ni mtu ya picha. Kuja piga mimi na Loreng. Yeye iko mzee sasa."

Hakuna mtu aliyewahi kumpiga Loreng picha. Nikasema sawa apa, yaani baba, naja.

Nikaenda jioni, jua likiwa zuri. Alikuwa amevaa shuka mpya na kofia yake yenye unyoya wa mbuni. Akasimama. Loreng akawa nyuma yake hatua kama tatu, na kengele yake shingoni. Nikafungua lenzi mpaka mwisho, nikapiga picha kama ishirini.

Nyumbani nikachagua moja. Wakuu, ule uso! Kila mkunjo ulionekana, macho yanang'aa, unyoya umesimama. Nyuma yake ukungu mwekundu umeenea kama chai iliyomwagika. Nikaipost kwenye group nikakaa nikisubiri kusifiwa.

Nikasifiwa. Moto kumi na mbili, na Ekai akaandika "keep it up" mara mbili.

Halafu akaingia Achol.

Achol ni dada kutoka Sudan Kusini, anakaa kambini Kakuma. Ana kibanda cha kuchaji simu na kupiga picha za passport. Kazi yake yote anafanya na simu. Katika group haongei sana.

Akaandika: "Picha mzuri. Maksai iko wapi?"

Nikamjibu, "Nyuma yake, huoni?"

Akaandika: "Naona kitu nyekundu. Inaweza kuwa ng'ombe, inaweza kuwa gari. Huyu baba alitaka picha yake ama picha yao?"

Nilihisi damu imepanda mpaka masikioni. Moto kumi na mbili, halafu mtu mmoja ananiuliza habari za gari! Nikaandika haraka, nanukuu neno kwa neno kwa sababu bado iko pale:

"Dada, kajifunze kwanza bokeh ni nini. Hiyo simu yako iliyopasuka kioo haiwezi kukufundisha focus. Na hawa ni watu wetu, si wenu."

Watu wawili wakacheka. Baada ya saa moja simu ikaonyesha kwamba Achol ametoka kwenye group.

Ekai akanitumia ujumbe pembeni: "Kaka, ile sentensi ya mwisho haikuwa ya picha." Nikamjibu na kidole gumba. Ndiyo, kidole gumba. Nilikuwa mtu wa aina hiyo.

Ajabu ni kwamba ushindi wangu haukukaa. Kila siku nilikuwa naifungua ile picha na kuivuta karibu, pale penye Loreng. Nilikuwa nataka kujua kama kweli mtu asiyemfahamu angejua ni ng'ombe. Navuta, naangalia, nafunga. Kesho yake tena.

Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya pili. Ni ukungu tu. Hakuna jicho wala sikio.

Ningeweza kurudi nikapiga upya, tena Jumamosi yoyote. Lakini nikirudi itakuwa Achol alisema kweli, na mimi nilishamwambia akajifunze. Basi nikakaa wiki tatu. Mtu mzima, mwenye kitambulisho, nimekasirikia swali wiki tatu.

Mwishowe nikaamua kupeleka picha ilivyo. Nikaichapisha kubwa, karatasi nzuri, nikachukua boda.

Apaloreng aliponiona akainuka haraka. Mimi nilimjua kama mtu wa kuinuka polepole. Akasema, "Ejok. Umeleta Loreng?"

Binamu yangu alikuwa hapo. Akanivuta kando kidogo akaniambia kuna ugonjwa ulipita kwenye mifugo, na Loreng alikufa siku tisa zilizopita.

Siku tisa, wakuu. Fanyeni hesabu ya wiki zangu tatu.

Nikamkabidhi picha. Akaishika kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu. Akaigeuza ielekee mwanga. Halafu akalamba kidole gumba na kuanza kupangusa pale nyuma, pale penye wekundu. Alidhani ni vumbi.

"Hii imeingia mchanga."

"Si mchanga, apa."

"Ni nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba ni bokeh? Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni mtindo wa kupiga.

Akasema, "Hii ni mimi. Mimi najijua. Sikuambia wewe upige mimi."

Hakupaza sauti. Akanirudishia ile karatasi kwa heshima kabisa, kama unavyomrudishia mtu barua iliyokosea mlango. Akauliza kama nina nyingine. Nikasema nitaangalia. Nilikuwa nadanganya, kwa sababu nilikumbuka zile zingine nilizifuta.

Sitaficha, nilipanda boda nikiwa nalia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kakuma. Sikumwambia Achol kwamba naenda, niliogopa atanikataza. Nikamkuta kibandani akimpiga mama mmoja passport, amemnyooshea shuka jeupe nyuma. Aliniona, akaendelea na kazi yake. Alimaliza na yule mama, akahudumia wateja wengine wawili wa chaji, ndipo akaniuliza nataka nini.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

Akasema, "Ulinitukana mbele ya watu kumi na tano. Sasa unaomba msamaha mbele ya chaja?"

Kweli. Nikatoa simu nikaanza kuandika kwenye group hapo hapo. Kabla sijatuma akanyoosha mkono, akaichukua, akasoma. Niliandika "Dada Achol, kama nilikukosea, nisamehe."

"Toa hii 'kama'," akasema. "Ulikosea ama hukukosea?"

Nikaitoa, nikaongeza kwamba niliitukana simu yake. Akasoma tena. Akasema nimeandika habari ya simu yake lakini ile ya "watu wetu, si wenu" nimeiruka. Nikaiongeza, na huku jasho linanitoka. Nilituma ya tatu. Nawaambia, hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kusahihishwa vizuri maishani.

Akanivutia kiti cha plastiki. Nikamweleza habari ya Loreng, kidole kikipangusa, yote.

"Malesh," akasema, ndiyo pole yao kwa Kiarabu cha Juba. Halafu: "Baba yangu pia alikuwa na yake. Sisi Wajieng tuko hivyo, mtu na maksai yake. Tulikimbia, picha hakuna. Ndiyo maana niliuliza."

Kumbe lile lilikuwa swali tu. Mimi nililisoma kama tusi.

Akauliza, "Zile zingine ziko wapi?"

"Nilifuta. Zilikuwa mbovu."

"Nani alisema ni mbovu?"

"Mimi."

"Ulifuta kwa kamera ama kwa laptop?"

Laptop ilikuwa kwenye begi, natembea nayo kila mahali. Tukafungua kapu la takataka. Zilikuwa humo zote, sikuwahi kulimwaga. Uvivu wangu, kwa mara ya kwanza, umesaidia mtu.

Aliziangalia moja moja. Mimi nilikuwa nataka kubonyeza ya pili, yeye bado yuko kwenye ya kwanza. Nilijifunza kitu hapo kuhusu ile dakika moja ya kwenye group.

Ya kumi na kitu akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu hapa."

Apaloreng alikuwa ameinama kufunga kiatu, amekuwa kivuli tu pembeni, na kamera ikakosa ikamshika aliye nyuma. Loreng yuko wazi kabisa: jicho, doa jeupe kwenye paji, kengele, sikio lenye alama. Picha imelala upande na pembe moja imekatwa na ukingo. Nilikuwa nimeifuta bila kufikiria.

Kabla sijaondoka akanipa simu yake, akasema sasa na mimi niangalie zake. Nikaona kila mtu kapigwa kutoka mbali. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema "sogea karibu", maana ndivyo wanavyofundisha kwenye video. Nikaumeza nikauliza kwa nini wako mbali.

"Wageni wanakuja hapa na kamera, wanaingia mpaka kwa pua ya mtu," akasema. "Mimi naacha watu wapumue."

Halafu nikamwambia kitu kimoja nilichokiona kweli, kwamba kwenye nyingi jua liko nyuma ya watu na nyuso zinakuwa nyeusi. Akaivuta picha karibu, akaangalia, akasema hiyo ni kweli, hakuna mtu amewahi kumwambia.

Wiki hiyo nikachapisha picha ya takataka nikampelekea Apaloreng.

Safari hii hakupangusa. Akagusa paji, akagusa sikio, akataja jina lake taratibu. Kidole kikapanda na pembe, kikafika mwisho wa karatasi, kikaendelea hewani.

"Hii ingine?"

Zamani ningeeleza habari za lenzi. Nikasema, "Niliikata mimi, apa. Nilikosea."

Akaniangalia. Nilidhani atanirudishia tena. Badala yake akaiweka ile picha kifuani, akaibana kwa mkono mmoja, akainua mkono wa pili juu pale karatasi ilipoishia, akaukunja polepole, akaurekebisha kidogo, mpaka ukakaa kama pembe ilivyokuwa. Wanaume wetu wanajua kufanya hivyo tangu wakiwa wadogo, lakini sikuwahi kuona mtu akifanya kwa makini namna ile.

"Ilikuwa hivi," akasema. "Sasa piga."

Nikaifunga lenzi mpaka kila kitu kikawa wazi, mtu, karatasi na mkono, nikapiga.

Achol amerudi kwenye group. Siku hizi tuna sharti: huruhusiwi kutupa moto kabla hujauliza mwenye picha swali moja. Watu wanalalamika, Ekai bado anateleza na "keep it up" yake, lakini tunasonga.

Nilichotoa humo, wakuu, ni kwamba moto kumi na mbili haikunisaidia kitu, na swali moja nililolitukana ndilo lingenipa Loreng akiwa hai. Mtu akikukosoa, kaa na neno lake siku moja kabla hujajibu. Na ukitaka kumkosoa mwenzako, muulize kwanza alikuwa anatafuta nini.

Sasa semeni na nyinyi. Nani aliwahi kukuambia ukweli kuhusu kazi yako ukamfukuza? Ulimfuata? Na kama hukumfuata, unangoja nini kife kwanza?