Karatasi ya Kusema Hauko

Jumatatu, kwenye biro ya kodi, fundi mmoja wa meli aliweka mezani kontra, mkataba wake wa kazi kule Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Aliomba wamufute kwenye orodha ya kodi, akiwa huko wasikuje kumusumbua mke wake.

"Citoyen, kila mwaka utakuja mwenyewe kusaini karatasi ya kusema hauko," karani mwenye suti ya abacost akasema, macho kwenye gazeti.

"Papa, nikikuja si nitakuwa niko?"

"Njo règlement, sheria ya biro."

Fundi akakunja kontra polepole, akatoka.

Ikafika zamu yangu. Niliomba attestation, karatasi ya biro ya kutafutia kazi.

"Unalipaka kodi?"

"Nitalipa na nini? Nina diplome tu."

"Basi huku kwetu, kwenye orodha, hauko."

Voilà. Licencié mzima, mtu wa université, nikarudi nyumbani kwa miguu, siko.