Baba Mkwe Anataka Nizifiche Kompyuta Wakaguzi Wakija

Admin, naomba ufiche jina langu na kiwanda usikitaje, maana Bariadi ni ndogo na watu wana muda. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mume na watoto wawili. Kwetu ni Shishiyu, Maswa, nimeolewa hapa mjini. Nimesomea kompyuta na nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha baba mkwe wangu. Hapo ndipo tatizo lilipo, bosi na baba mkwe ni mtu mmoja. Nyumbani namsalimia kwa kupiga magoti, halafu nikifika ofisini natakiwa nimwambie amekosea.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, msichoke. Kiwandani tuna kompyuta moja kubwa, server. Ndani yake nimetengeneza kompyuta nyingine zisizoonekana kwa macho, ila kila moja inafanya kazi kama kompyuta kamili: ya mizani, ya stoo, ya mishahara, ya ofisi yetu ya Mwandoya na kadhalika. Zinaitwa mashine pepe. Zinasaidia, kwa sababu unanunua chuma kimoja badala ya saba. Lakini mfumo unaoziendesha hutumiwa kwa leseni, na leseni tuliyonunua inaruhusu mashine pepe mbili tu. Sisi tunazo saba. Wakati naziongeza nilimwambia mzee, akasema niendelee, msimu wa pamba ukiisha atanunua leseni zilizobaki. Msimu uliisha, na uliofuata nao ukaisha. Nikajaribu kuhamia mfumo wa bure, programu ya mizani ikagoma kabisa kufanya kazi humo, nikarudi nilikotoka.

Mwezi uliopita kampuni iliyotuuzia mfumo ikatujulisha kwamba inatuma wakaguzi. Nikaingia ofisini kwa mzee nikamweleza upya, taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza mbele ya mhasibu, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nikinunua ng'ombe mnadani, akizaa kwangu, ndama narudi kumlipia kwa aliyeniuzia?"

Mhasibu akacheka. Nikasema hapana, baba. Akasema basi, server ni yake na vilivyozaliwa humo ni vyake. Nikatoka. Ukibishana na baba mkwe mbele za watu, kabla hujafika nyumbani ukoo mzima umeshakujadili.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Jumapili baada ya ibada nikamfuata kwake akiwa peke yake, nikaamua kuongea kwa lugha anayoielewa. Nikamkumbusha ng'ombe aliowaweka kwa jamaa yake kule Kimali. Yule jamaa anakunywa maziwa, analimia, lakini ng'ombe si wake, na akizaliwa ndama lazima amjulishe mwenyewe. Nikamwambia leseni ndiyo hiyo. Mfumo hatukuununua uwe wetu, tumeruhusiwa kuutumia kwa masharti ya mwenyewe. Mzee akaitikia kwa kichwa, nikaona kabisa kwamba ameelewa. Nikafurahi kama mjinga.

Kumbe kuelewa kwake ndiko kulikoniponza. Alitabasamu akaniambia kwamba zamani wahesabu mifugo wakija, baba yake alikuwa anabakiza wachache zizini, wengine wanapelekwa kwa jamaa mpaka wageni waondoke.

"Na wewe fanya hivyohivyo," akasema. "Bakiza mbili, nyingine zizime. Wakiondoka, ziwashe."

Nikamweleza kwamba server si zizi. Yenyewe inaandika kila mashine iliyowashwa na lini iliwashwa, na mkaguzi ataanza na hayo maandishi. Akasema basi niyafute, si ndiyo kazi niliyosomea? Nikamwomba tuwaandikie wenye mfumo sisi wenyewe kabla hawajafika, tuseme tulipozidisha, na mashine nyingine niziunganishe ili tupunguze. Akasema mtu mwenye akili hajipeleki mwenyewe kwa mwenye kiboko. Na wakiuliza chochote nitajibu mimi, kwa sababu msimamizi ni mimi, yeye ni mzee tu asiyejua kompyuta.

Nikamwambia mume wangu, nikidhani nimepata mtu wa kunisemea. Yeye yuko hapohapo kiwandani, upande wa kununua pamba. Alisema, "Mzee akiaibika kwa sababu yako, mimi nitasimama wapi?" Halafu akaendelea kula. Tangu siku hiyo hatujalizungumza tena, tunazungumzia ada na mvua.

Nisiwadanganye, mzee si mtu mbaya. Nilipokuwa najifungua mtoto wa pili mambo yakawa magumu, mume wangu alikuwa safarini. Mzee ndiye aliyetafuta gari akanipeleka Mwanza, akashinda nje ya wodi mpaka aliposikia mtoto analia. Nyumba tunayoishi alitujengea yeye. Ndiyo maana nimechoka hivi. Angekuwa katili ningeshafungasha vitu vyangu bila kumuuliza mtu.

Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Nikifuta na wakagundua, na watagundua, jina watakalolikuta kila mahali ni langu, na kazi ya kompyuta sijui nani atanipa tena. Nikiwaeleza ukweli, nimemwaibisha mtu aliyenilea kama binti yake, mbele ya mji mzima. Nikiomba ruhusa siku hiyo nisiende, mzee ameshasema funguo za chumba cha server ninazo mimi na wageni nitawapokea mimi. Jana alinisimamisha getini, akanishika mkono, kitu ambacho hajawahi kufanya, akasema, "Nakutegemea, mayu." Nikaitika ndiyo, baba. Sikujua niitike nini kingine.

Ndugu zangu, naomba msiniandikie "sema ukweli, Mungu atakutetea." Hilo nalijua tangu Jumapili ile. Nahitaji ushauri wa mtu ambaye akishausema huo ukweli mchana, jioni anatakiwa kurudi kulala kwenye nyumba ya huyo aliyemsema. Kwa hali hiyo, ninyi mngefanyaje?